Redio inayobadilika ikiwa hewani

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, ilikuwa ya majaribio na ilisikika Dar es Salaam na viunga vyake. Eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mara lilisubiri mitambo yenye nguvu zaidi. Kituo kiligeuka shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Kupitia masafa ya kati na masafa mafupi, Butiama, katika eneo hilo, ikaanza kumsikia mwanawe, Mwalimu Nyerere, akihutubia kutoka mbali. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili nchini kwenye vikundi vya kusikiliza redio.

Redio za enzi hizo zilikuwa na njia moja tu ya mawimbi. Wimbi liliingia kwa antena, likashushwa hadi takribani kilohezi 455, likachujwa na koili, likakuzwa na kuishia kwenye spika. Njia hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa lehemu. Swichi ya bendi ilikuchagulia masafa, lakini kazi ya kila kipande ilikwisha kuamuliwa kiwandani. Aliyetaka kubadilisha zaidi ya hapo alimpelekea fundi, naye alizima redio, akaifungua na kuanza kuyeyusha lehemu.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua milango kwa vituo binafsi. Leo, mkoani Mara, Musoma ina Victoria FM na Bunda ina Mazingira FM. Vituo viliongezeka, ila redio ya mezani ilibaki na njia ileile.

Mabadiliko makubwa yalikuwa yanaandaliwa kwingine. Mapema miaka ya 1990 Mmarekani Joseph Mitola alieleza redio ambayo kazi zake nyingi zingefanywa na programu. Jeshi la Marekani lilijaribu wazo hilo katika mradi wa SPEAKeasy: chombo kimoja kiongee na redio za aina nyingi. Mwaka 2001 Eric Blossom alianzisha GNU Radio, programu huria ambamo chujio na kikuzaji ni vipande vya programu vinavyounganishwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 2012 wataalamu waligundua kwamba kifaa kidogo cha kupokelea televisheni kwenye kompyuta kinaweza kutoa mawimbi ghafi. Tangu hapo, redio ya programu haikuwa tena ya maabara tajiri peke yake.

Swali gumu likabaki: unabadilishaje njia ya mawimbi huku yakiendelea kuingia? GNU Radio ilijibu kama fundi bomba: funga koki kuu, badilisha mabomba, fungua tena. Programu husimamisha mtiririko, hutenganisha vipande, huviunganisha upya na kuendelea. Lakini mawimbi hayamsubiri mtu. Kifaa kinachopima wimbi mara milioni 2.4 kwa sekunde, kikisimama kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hupoteza vipimo 240,000. Msikilizaji wa muziki atasikia mkatiko mdogo. Anayepokea data anaweza kupoteza ujumbe wote. Ndiyo maana wabunifu hupendelea kutayarisha njia zote mapema, kisha swichi ya programu ichague mojawapo, au wabadilishe vigezo tu, kama upana wa chujio, bila kugusa viungo.

Mbinu hizo hutumika pia katika mitandao ya simu. Kadiri wimbi linavyoimarika au kudhoofika, mnara na simu hubadilisha namna ya kupachika data, tena mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mitambo ya kisasa huweza kupewa teknolojia mpya kwa programu kutoka makao makuu.

Hapo ndipo historia inapomgusa fundi wa Musoma. Zamani uwezo wa kubadilisha njia ya mawimbi ulikuwa kwenye bisibisi yake. Sasa sehemu kubwa yake imehamia kwa mwandishi wa programu, ambaye huenda hajawahi kufika Mara. Lakini kwa kuwa GNU Radio ni huria, kijana wa Bunda mwenye kompyuta anaweza kuifungua na kuipanga upya, akizingatia kwamba kurusha mawimbi kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ufundi haujafa; umehitaji tu masomo mapya.