Kayaki Hupimwa Mwilini

Mtu wa Ulaya au Marekani anayetaka kununua kayaki ya baharini siku hizi huingia dukani akazikuta zimepangwa kama viatu: ndefu na fupi, nyembamba na pana. Swali lake la kwanza huwa, je, ipi ni bora? Kwa wale waliobuni chombo hicho swali hilo lisingekuwa na maana. Nani atauliza kanzu ipi ni bora kabla ya kusema itavaliwa na nani?

Waliokibuni ni watu wa kaskazini ya mbali: Wainuiti wa Greenland na Kanada, na Waunangani wa visiwa vya Aleutian, huko Alaska. Miti ni adimu kwao. Mbao zao zilikuwa magogo yaliyoletwa ufukoni na maji. Waliyachonga yakawa mataruma membamba, wakayafunga kwa kamba za ngozi bila msumari hata mmoja. Juu yake wanawake walishona ngozi za sili au za simba wa baharini, mshono usiopitisha maji. Mwindaji hodari mwenye mshonaji mbovu hakufika mbali.

Vipimo vyake vilitoka mwilini. Kwa desturi ya Greenland, urefu wa kayaki ulikuwa kama pima tatu za mwenyewe, na upana ulikuwa nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Wazee wetu waliopima nguo kwa shibiri, dhiraa na pima wangeelewana na mafundi hao mara moja. Kayaki ya kaka yako haikukufaa, labda muwe mmelingana kwa kila kiungo.

Baada ya mwili ilitazamwa kazi. Mwindaji wa Greenland alimnyemelea sili, kwa hiyo kayaki yake ilikuwa nyembamba, ya chini, isiyopiga kelele wala kushikwa na upepo. Haina matengo kama ngalawa yetu, nayo hupinduka upesi. Basi dawa ikawa nini? Kuipanua? La hasha. Alivaa koti la ngozi lililofungwa kwenye ukingo wa tundu la kukalia, maji yasiingie, na akipinduka hujiinua kwa kafi lake bila kutoka ndani. Upana ungempa utulivu lakini ungemnyima sili. Bara, huko Kanada, palikuwa na kayaki nyepesi mno za kuwafukuza kulungu wanapovuka maziwa kwa kuogelea. Waunangani, waliokabili bahari kuu, waliunda ndefu, zenye kwenda kasi kwa saa nyingi.

Uhodari huo uliwaletea balaa. Mwaka 1741 msafara wa Vitus Bering, nahodha aliyetumwa na Urusi, ulifika Alaska na kurudi na habari za fisimaji wa baharini, ambaye ngozi yake ililipiwa fedha nyingi China. Warusi hawakuweza kumwinda kama Waunangani, kwa hiyo wakashika jamaa zao mateka ili wanaume waende kuwinda. Waunangani waliasi mwaka 1763, na uasi ukazimwa kwa damu. Baadaye kampuni ya biashara iliyopewa hati na mfalme wa Urusi mwaka 1799 iliwapeleka wawindaji na vyombo vyao mpaka California, ilikojenga ngome ya Fort Ross mwaka 1812. Wakati huo ikaenea kayaki ya matundu matatu: wapiga kafi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na katikati bwana amekaa kama mzigo. Chombo kilichokuwa kikipimwa kwa mwili wa mpiga kafi sasa kilipimwa kwa asiyepiga kafi.

Huko Ulaya, fundi cherehani Mjerumani, Johann Klepper, alinunua mwaka 1907 haki ya kutengeneza kayaki ya kukunjwa, ya kubebwa katika treni. Ilikuwa pana na tulivu, ikawafaa watu wa mapumziko. Lakini kayaki nyingi za faibaglasi za leo zina nasaba nyingine. Mwaka 1959 kijana wa Uskoti, Ken Taylor, alikwenda kijiji cha Illorsuit, Greenland, na fundi wa huko, Emanuel Korneliussen, akamtengenezea kayaki ya kipimo chake. Taylor akarudi nayo kwao. Michoro yake ilipomfikia Mwingereza Geoff Blackford, naye akairefusha imfae yeye, na katika miaka ya 1970 umbo hilo likatiwa katika kalibu, likauzwa kwa jina la Anas Acuta.

Kwa hiyo mnunuzi huenda anakalia chombo kilichoanzia nyonga za Taylor. Muuza duka mwaminifu humkalisha ndani kwanza, aone kama magoti yanashika na miguu inafika. Kisha humwuliza: utapita ghuba tulivu au bahari yenye mawimbi? Utabeba hema na chakula cha wiki, au chupa ya maji tu? Na siku ikipinduka, unajua kujiinua? Asiyejua huuziwa pana kidogo, na huonyeshwa mwalimu anakopatikana.