Zimbabwe: Vijana, mpaka wa Beitbridge na kazi za Afrika Kusini

Kati ya mwaka 2000 na 2009 uchumi wa Zimbabwe uliporomoka. Julai 2008 takwimu za serikali zilionyesha mfumuko wa bei wa asilimia milioni 231, na Januari 2009 ilitolewa noti ya dola trilioni 100. Mshahara wa mwalimu haukutosha hata nauli ya basi. Vijana wengi waliomaliza shule walipanga jambo moja: kuvuka mpaka.

Njia
Njia kuu ilikuwa Beitbridge, kwenye mto Limpopo, kuelekea Musina na Johannesburg. Wengine walipitia Plumtree kwenda Botswana. Pasi zilikuwa adimu, hivyo wasio na hati walivuka mto kwa miguu. Humo mlikuwa na mamba, na vichakani walivizia magumaguma, yaani wanyang'anyi wa mpakani.

Kazi
Wengi walipata vibarua vya mashambani Limpopo, ujenzi, ulinzi, hoteli na kazi za ndani. Walimu nao walifanya kazi zilizo chini ya elimu yao. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni, yaliyoanzia Alexandra, yaliua watu 62.

Malayitsha
Wachukuzi waitwao malayitsha walipeleka nyumbani unga, mafuta ya kupikia, sukari, sabuni na fedha taslimu, kwa magari madogo yenye matela. Mtaji wao mkubwa ulikuwa uaminifu: mteja alimkabidhi mzigo mtu anayejulikana kwao, bila risiti. Baadhi walibeba pia abiria wasio na hati, na hapo hatari ilikuwa ya wote wawili.

Hati
Mwaka 2009 Afrika Kusini iliwaondolea Wazimbabwe sharti la viza kwa ziara za hadi siku 90. Mwaka 2010 ikafungua mpango wa kibali maalumu, na mwisho wa kuomba ulikuwa 31 Desemba. Mwombaji alitakiwa kuwa na pasi ya Zimbabwe na uthibitisho wa kazi, biashara au masomo. Kwa hiyo aliyeondoka bila pasi alilazimika kuitafuta kwanza.

Kwa wasafirishaji
Malori ya Dar es Salaam yaendayo Harare hupita Tunduma na Chirundu, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilifunguliwa Desemba 2009. Dereva anayempakia kijana asiye na hati huweka rehani gari, mzigo na uhuru wake mwenyewe.