Gia za Difu: Historia ya Kubadili Uwiano wa Ekseli ya Nyuma

Difu ya ekseli ya nyuma hufanya kazi tatu. Hugeuza mzunguko wa propela shafti uelekee kwenye magurudumu ya pande mbili. Huruhusu gurudumu la nje lizunguke haraka kuliko la ndani gari linapokata kona. Tena hupunguza kasi ya mzunguko ili nguvu ya kuvuta iongezeke. Kazi hii ya mwisho hufanywa na gia mbili zinazoumana: pinyoni, iliyo ndogo, na krauni, iliyo kubwa. Krauni yenye meno 41 ikiendeshwa na pinyoni yenye meno 10, propela huzunguka mara 4.10 ili gurudumu lizunguke mara moja. Uwiano mkubwa kama huo hulipa gari nguvu ya kuondoka na kupanda mlima, lakini injini hupiga mizunguko mingi na kula mafuta mengi kwenye barabara ndefu. Uwiano mdogo huituliza injini safarini, ila gari huwa zito kuondoka. Hakuna uwiano mmoja unaofaa barabara zote, na hiyo ndiyo sababu mafundi wamekuwa wakizibadili gia hizo tangu miaka ya mwanzo ya magari.

Difu yenyewe ni kongwe kuliko injini ya petroli. Onésiphore Pecqueur, fundi wa Ufaransa, aliibuni katika miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke. Mwaka 1877 James Starley wa Uingereza aliitumia kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, na Karl Benz aliiweka kwenye gari lake la kwanza la mwaka 1885.

Desturi ya kubadili uwiano ilienea Marekani pamoja na Ford Model T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927. Gari hilo lilitoka kiwandani na krauni ya meno 40 na pinyoni ya meno 11, yaani uwiano wa 3.64, uliochaguliwa kwa barabara za tope na mashimo. Gia za kwenda mbele zilikuwa mbili tu, hivyo uwiano wa difu uliamua karibu kila kitu. Wapenda mbio walinunua gia za uwiano wa 3 kwa 1. Wakulima na wabeba mizigo walifunga ekseli ya Ruckstell, yenye mwendo wa kawaida na mwendo mzito wa kuvutia, ambayo Ford iliruhusu iuzwe na mawakala wake. Iliyofuata, Model A, ilikuwa na uwiano wa kawaida wa 3.78, na wa 4.11 kwa sehemu za milima. Wenye magari hayo leo mara nyingi huweka gia za 3.54 ili waweze kwenda na wenzao barabarani bila kuiumiza injini. Kazi hiyo si nyepesi: propela ya Model A imo ndani ya bomba lililoungana na ekseli, kwa hiyo ekseli nzima hushushwa na kupasuliwa kabla krauni haijaonekana.

Wakati huohuo umbo la meno lilikuwa likibadilika. Meno yaliyonyooka yalipiga kelele. Packard ilianza kutumia meno yaliyopinda mwaka 1913, na mwaka 1926 ikaleta gia za haipoidi, ambazo pinyoni yake hukaa chini ya kitovu cha krauni. Propela ikashuka, na sakafu ya gari ikashuka nayo. Lakini meno ya haipoidi husuguana kwa mtelezo chini ya shinikizo kubwa, hivyo yanahitaji oili maalumu. Fundi anayetia oili ya kawaida kwenye difu ya namna hiyo huiua ndani ya muda mfupi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kitovu cha desturi hii kilikuwa California. Vijana walichukua Ford za V8 za miaka ya 1930, wakaziongezea nguvu, na kuzishindanisha kwenye maziwa makavu kama El Mirage. Pale kasi ya juu ndiyo iliyotafutwa, hivyo uwiano mdogo ulipendwa. Kwenye viwanja vya mviringo mambo yalikuwa mengine: kila uwanja ulikuwa na urefu wake na ulidai uwiano wake. Ted Halibrand alilitatua tatizo hilo kwa difu yenye gia mbili za ziada nyuma, chini ya mfuniko. Fundi alifungua mfuniko, akatoa jozi moja na kuingiza nyingine, na uwiano ukabadilika kwa dakika chache bila krauni wala pinyoni kuguswa.

Mbio za robo maili zilipokua katika miaka ya 1950, hitaji liligeuka tena. Kilichotakiwa sasa kilikuwa kuondoka kwa nguvu, na gia za 4.10, 4.56 na 4.88 zikapata soko. Mwaka 1957 Ford ilitoa ekseli ya inchi 9, iliyodumu kwenye magari yake hadi 1986. Moyo wake wote, yaani krauni, pinyoni na beringi zao, hutolewa mbele ukiwa kipande kimoja baada ya hafshafti kuvutwa. Kwa hiyo fundi aliweza kupima na kurekebisha vyote mezani, na mwenye gari akaweka akiba ya mioyo miwili au mitatu yenye uwiano tofauti. Hadi leo hiyo ndiyo ekseli inayotafutwa sana na wajenzi wa magari ya mbio.

Kazi yenyewe imebaki ya uangalifu mkubwa. Krauni na pinyoni husagwa pamoja kiwandani na huuzwa kwa jozi. Kuchanganya jozi mbili ni kukaribisha mlio na kuvunjika kwa meno. Fundi hupanga kina cha pinyoni kwa shimu, hukaza beringi zake kwa kipimo, kisha hupima mwanya kati ya meno, ambao kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.15 na 0.25. Mwishoni hupaka rangi kwenye meno ya krauni, huizungusha, na kusoma alama: mguso unapaswa kuwa katikati ya jino. Gia mpya huendeshwa polepole mwanzoni na kuachwa zipoe, na oili ya kwanza humwagwa mapema.

Uhaba wa mafuta wa mwaka 1973 uliigeuza Marekani. Kikomo cha maili 55 kwa saa kilipitishwa mwanzoni mwa 1974, na viwanda vikaanza kupendelea uwiano mdogo ili kuokoa mafuta. Baadaye giaboksi zenye ovadraivu zilipunguza ugomvi wa zamani: difu ya 4.10 ikifuata gia ya juu ya 0.70 hutoa uwiano wa jumla wa 2.87, hivyo gari huondoka kwa nguvu na bado husafiri kwa utulivu.

Nje ya Marekani, mfano unaojulikana sana ni Land Rover, gari lililofanya kazi miaka mingi katika barabara za Afrika Mashariki. Land Rover za Series zilitumia uwiano wa 4.7; Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na 3.54. Difu ya Range Rover za mwanzo huingia kwenye ekseli za Land Rover za Series, na kwa matairi ya 7.50-16 injini hushuka kutoka takriban mizunguko 2,900 kwa dakika hadi 2,200 katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Difu ya mbele lazima ibadilishwe pia, kwa sababu uwiano ukitofautiana, ekseli mbili hupigana kila magurudumu manne yanapovuta kwenye ardhi ngumu. Spidomita nayo husoma pungufu, na dereva huenda kasi kuliko anavyodhani. Tena injini ndogo ya lita 2.25 huchoka haraka mlimani ikiwa na mzigo.

Anayefikiria kubadili gia za gari la zamani apime kwanza nguvu ya injini, ukubwa wa tairi, uwiano wa giaboksi na barabara atakayopita. Gia za asili azipake oili na kuzihifadhi, kwa kuwa ni sehemu ya historia ya gari hilo, na atakayelirithi huenda akataka kuzirudisha mahali pake.