Ruta ya Safari

Ruta ya safari ni kifaa kidogo kinachopokea intaneti kutoka chanzo kimoja, kama vile laini ya simu, Wi-Fi ya meli au hoteli, au waya wa mtandao, kisha huigawa kwa simu na kompyuta za watu walio safarini pamoja. Haizalishi intaneti, hugawa na kulinda ile iliyokwisha kufika. Kwa hiyo anayeitegemea hana budi kujua mambo matatu: intaneti yake inatoka wapi, inalipiwa kwa kipimo gani, na imesajiliwa kwa jina la nani. Makala haya yanaeleza kifaa hicho kwa kufuata njia ya Igalula na Tabora, katika Reli ya Kati ya Tanzania, hadi kwenye vyombo vya majini.

Asili

Kanuni za kwanza za mawasiliano ya Wi-Fi, zijulikanazo kwa namba 802.11, zilitolewa mwaka 1997, na jina Wi-Fi likaanza kutumika mwaka 1999. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani ya Novatel Wireless iliuza kifaa cha mfukoni chenye laini na betri yake, ikakiita MiFi. Afrika Mashariki jina hilo limekuwa la vifaa vyote vya aina hiyo, bila kujali mtengenezaji.

Ruta ya safari ni ndugu wa MiFi, lakini kazi yake ni pana zaidi. Nyingi hazina betri wala nafasi ya laini. Badala yake zina tundu la waya wa mtandao, tundu la USB la kuchomekea simu au modemu, na uwezo wa kujiunga na Wi-Fi nyingine kama simu inavyojiunga. Baadhi huendeshwa na OpenWrt, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2004. Mfano mmoja unaofahamika sana, GL-MT300N-V2 wa kampuni ya GL.iNet, una upande wa milimita 58 na uzito wa takribani gramu 40, hivyo unakaa kiganjani pasipo shida.

Inavyofanya kazi

Ruta huwa na nyuso mbili. Kwa nje huonekana kama mteja mmoja wa mtandao unaoilisha. Kwa ndani huwa mwenyeji: hutangaza jina lake la Wi-Fi, hudai nywila, na kumpa kila anayeingia anwani yake ya ndani, kwa mfano 192.168.8.101 kwa simu ya kwanza na 192.168.8.102 kwa ya pili. Anwani za mafungu hayo zilitengwa mwaka 1996 kwa matumizi ya mitandao ya ndani, ndiyo maana namba zilezile hukutwa katika mamilioni ya nyumba na ofisi duniani bila kugongana.

Simu ya ndani inapotuma ombi, ruta hufuta anwani ya simu hiyo, huandika yake, na kuweka kumbukumbu ya nani aliyeomba nini. Jibu likirudi, hutazama kumbukumbu hiyo na kulifikisha kwa mwenyewe. Mtandao wa nje unaona kifaa kimoja tu. Hata hivyo alama hubaki. Kila pakiti ya data hubeba namba ya hatua ilizosaliwa nazo. Simu nyingi huanza na 64, na pakiti ikipita kwenye ruta hushuka hadi 63. Mwenye mtandao akitaka kuchunguza, tofauti hiyo ya moja humtosha kushuku kwamba nyuma ya mteja huyo kuna wengine.

Katika njia ya Igalula

Igalula ni kata ya Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, na ni kituo cha Reli ya Kati mashariki mwa mji wa Tabora. Treni itokayo Dar es Salaam hupita Tura, Malongwe, Nyahua na Goweko ndipo ifike Igalula, kisha Tabora. Misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji ilikatiza nchi hiyohiyo: ilipita Tura, Rubuga na Kigwa kabla ya kuingia Unyanyembe, ambako wapagazi walipumzika na mizigo kupangwa upya.

Habari zilisafiri kwa mwendo wa miguu. Mfuko wa barua za David Livingstone uliotiwa tarehe 1 Novemba 1870 huko Unguja ulikawia Bagamoyo, ukakawia tena Unyanyembe kwa sababu ya vita vya mtemi Mirambo, ukamfikia Ujiji takribani mwaka mmoja baadaye, baada ya Henry Morton Stanley kuuchukua. Ujenzi wa reli ulioanza Dar es Salaam mwaka 1905 ulifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza likakamilika mwaka 1928.

Kutoka Dar es Salaam hadi Tabora ni takribani kilomita 840 kwa reli, na hadi Kigoma ni karibu kilomita 1,250. Kwa abiria wa reli hii ya zamani, safari nzima huchukua zaidi ya siku moja. Minara ya simu hujengwa penye watu. Treni ikikaribia stesheni yenye kijiji kikubwa, simu hushika mtandao. Ikiingia msitu wa miombo kati ya stesheni na stesheni, 4G hushuka kuwa 3G, kisha 2G, na mara nyingine mtandao hukata kabisa. Mabati ya behewa nayo hupunguza nguvu ya mawimbi, hivyo mahali pa kifaa panahesabika: dirishani hupokea vizuri kuliko chini ya kitanda.

Manufaa ya ruta huonekana hasa katika chumba cha vitanda sita cha daraja la pili kulala. Wasafiri sita huwa na laini za kampuni mbalimbali, na mnara ulio karibu huenda ukawa wa kampuni moja tu. Ruta ikiwekwa kwenye kimeza cha dirishani, simu yenye mtandao huunganishwa nayo kwa waya wa USB na wote wakapata. Vodacom ikikata na Airtel au Halotel ikashika, hubadilishwa simu iliyo kwenye waya. Jina la Wi-Fi na nywila hubaki vilevile, na hakuna anayelazimika kuunganisha upya. Kwa hotspoti ya simu pekee, mabadiliko hayo yangedai kila mmoja atafute jina jipya na aandike nywila nyingine. Aidha, simu iliyo kwenye waya huendelea kuchajiwa, ilhali hotspoti humaliza chaji upesi na kuipasha simu joto.

Reli mpya ya kisasa (SGR), ambayo treni zake za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, inaleta hali nyingine. Kwa mwendo unaofikia kilomita 160 kwa saa, simu huhama kutoka mnara hadi mnara kwa kasi zaidi, na kila uhamisho ni nafasi ya mazungumzo kukatika. Ruta haiwezi kuziba pengo hilo.

Ziwani na baharini

Njia ya Igalula huishia majini. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikaletwa Dar es Salaam na kusafirishwa kwa reli kuvuka Unyamwezi hadi Kigoma, ambako iliunganishwa na kushushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ziwa hilo limepakana na nchi nne: Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia. Chombo kikiwa katikati, simu inaweza kunasa mnara wa ng'ambo na kutoza gharama za kigeni pasipo mwenyewe kutambua. Gharama hizo hupanda upesi zaidi laini inapohudumia watu watano kupitia ruta. Kinga yake ni kuzima matumizi ya data nje ya nchi na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie.

Katika boti za kasi kati ya Dar es Salaam na Unguja, safari ya takribani saa mbili, mtandao wa simu hutoka pwani zote mbili na hudhoofika chombo kikiwa mbali na nchi kavu. Hapo laini iliyounganishwa na ruta hutosha kwa sehemu kubwa ya safari.

Meli kubwa za kitalii, zikiwemo zinazotia nanga Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, hutegemea satelaiti. Satelaiti za zamani hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi hupanda, hushuka, na jibu hurudi kwa njia hiyohiyo: ni zaidi ya kilomita 143,000, ambazo mwanga wenyewe huzipita kwa karibu nusu sekunde. Ndiyo maana mazungumzo ya sauti kwa satelaiti hizo huwa na ukimya kati ya swali na jibu. Satelaiti za chini, kama za Starlink ambayo ilianza huduma nchini Kenya mwaka 2023, huzunguka kwenye kimo cha takribani kilomita 550, na ucheleweshaji wake ni mdogo sana.

Intaneti ya meli aghalabu huuzwa kwa kifaa: analipia mmoja, anaingia mmoja. Msafiri huunganisha ruta na Wi-Fi ya meli, kisha huunganisha simu yake na ruta, hufungua kivinjari, na ukurasa wa kuingilia wa meli hujitokeza. Akishaandika jina na namba ya siri, meli huhesabu ruta kuwa ndicho kifaa kilicholipiwa, na familia nzima hupita mlango huo mmoja. Kwa kuwa kuta za vyumba vya meli ni za chuma, ruta huwekwa karibu na mlango unaotazama ukumbi wenye kirushio cha Wi-Fi.

Kwamba jambo linawezekana haina maana kwamba linaruhusiwa. Baadhi ya kampuni za meli zimeweka ruta katika orodha ya vitu visivyopandishwa melini, na nyingine zina vifurushi maalumu vya vifaa vingi. Mkataba ukisema kifaa kimoja, kuigawa intaneti hiyo kwa siri ni kuvunja ahadi iliyolipiwa. Pia ruta nyingi katika eneo dogo huingiliana masafa na kudhoofisha huduma ya abiria wengine. Njia ya uungwana ni kuuliza kabla ya safari, na kununua kifurushi kinacholingana na idadi ya watumiaji.

Umeme na bando

Ruta nyingi ndogo hutumia umeme wa volti 5 kupitia USB, hivyo pawabanki ya kawaida inatosha. Pawabanki ya mAh 10,000 hubeba takribani wati-saa 37. Ukitoa zinazopotea njiani hubaki karibu 30, na ruta inayokula wati 3 huendeshwa kwa saa kumi hivi. Kwa safari ya Kigoma, busara ni kuiwasha treni ikaribiapo stesheni zenye mtandao na kuizima porini.

Bando nalo huisha kwa njia zisizoonekana. Ujumbe wa maandishi hula data kidogo mno, lakini simu sita zikigundua Wi-Fi huamini zimefika nyumbani: huanza kupakua masasisho ya programu na kupakia picha kwenye hifadhi za mtandaoni. Bando la GB 2 linaweza kwisha kabla ya mtu yeyote kufungua video. Hivyo kila simu iwekwe alama kwamba Wi-Fi hiyo inapimwa, na mwenye ruta aweke kikomo cha matumizi kwa kila kifaa pale programu inaporuhusu.

Usalama na sheria

Katika Wi-Fi ya wazi ya hoteli au meli, ruta huwa ngao ya manufaa: vifaa vya ndani havionekani moja kwa moja na wageni wengine, na VPN, yaani njia ya mtandao iliyofichwa kwa usimbaji, ikiwekwa kwenye ruta huwafunika wote. Nchini Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwake. Msafiri anayetumia huduma hiyo nchini azingatie utaratibu huo. Kwa upande wa ruta yenyewe, nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ya kwanza, na ulinzi wa Wi-Fi uwe wa kiwango cha WPA2 au WPA3.

Jambo zito zaidi ni dhamana. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Tanzania Mei 2019, na laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungiwa Januari 2020. Kwa hiyo kila linalopita kwenye ruta iliyounganishwa na laini yako huonekana limetoka kwako. Abiria mwenzako akituma jambo linalokatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, uchunguzi utaanzia kwa jina lililosajiliwa. Kumfungulia ndugu au jirani wa kitanda ni wema unaostahili kuendelezwa, lakini nywila isibandikwe dirishani. Nako kutoza abiria fedha ni kuuza huduma ya mawasiliano, na biashara hiyo inahitaji leseni ya TCRA.

Mipaka ya kifaa

Kwa anayesafiri peke yake na simu moja, ruta ni mzigo wa ziada, hotspoti inatosha. Faida huanza watu wanapokuwa kadhaa, vyanzo vinapobadilika njiani, au Wi-Fi inapokuwa ya wageni wengi. Zaidi ya hapo, uwezo wake unakomea pale ambapo mnara haufiki. Katika Igalula na stesheni jirani, kitakachobadilisha mawasiliano ya abiria, mfugaji, mrina asali na mkulima wa tumbaku ni minara na mkongo, kazi ambayo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 kuisaidia katika maeneo yasiyovutia kampuni. Minara ikizidi kando ya reli, laini moja katika behewa itaweza kuhudumia watu sita bila kukatika, na fedha zinazotengwa kwa vijiji vya njia hii zitakuwa zimewafaa wakazi na wapita njia kwa pamoja.