Msawazo si Utulivu

Mwalimu anayefundisha fizikia kwa Kiswahili akifika kwenye somo la mfumo uliokwisha kufika mahali pake, usioonyesha tena dalili ya kubadilika, ana maneno matano ya kuchagua: utulivu, usawa, mizani, urari na msawazo. Yote ni mazuri, na kila moja lina kazi yake mjini. Mimi nasimama na msawazo, na sababu zangu zinatoka kwenye fizikia yenyewe zaidi kuliko kwenye sarufi.

Usawa umeshachukuliwa na sheria, na siasa, na wapima ardhi wanaohesabu mita kutoka usawa wa bahari. Mizani ni kifaa: cha muuza nyama, cha barabara kuu ambako malori hupimwa, na kwa washairi ni silabi za mshororo. Urari una wenyewe pia. Mhasibu anautafuta mwisho wa mwezi, mchumi anazungumzia urari wa malipo, na mshairi anadai urari wa vina na mizani. Ni neno tukufu, lakini linakagua pande mbili za kitu kilichokwisha kuandikwa. Utulivu ndio neno la hatari kuliko yote, kwa sababu linamwambia mwanafunzi kwamba humo ndani hakuna kinachoendelea.

Chukua chupa ya soda ambayo haijafunguliwa. Kwa macho imetulia tuli. Kumbe kila sekunde molekuli zisizohesabika za kabonidioksaidi zinatoka kwenye kimiminika na kuingia katika ile nafasi ndogo chini ya kizibo, na nyingine nyingi kiasi hichohicho zinarudi. Kinachofanana si kiasi cha gesi kilichopo juu na chini. Hicho kinaweza kutofautiana sana. Kinachofanana ni kasi ya kwenda na kasi ya kurudi. Ukifungua kizibo, gesi ya juu inatoroka, zinazorudi zinapungua, zinazotoka zinaendelea kama mwanzo, na soda inatoa povu mpaka ipate msawazo mwingine na hewa ya chumba. Wanorwe wawili, Guldberg na Waage, waliiweka hesabu ya jambo hili mwaka 1864. Miaka ishirini baadaye, 1884, Mholanzi van 't Hoff akaanza kuandika mimenyuko ya namna hii kwa mishale miwili inayopishana, alama ambayo kila mwanafunzi wa kemia anaijua leo. Mwaka huohuo Mfaransa Le Chatelier akatoa kanuni yake: ukiusumbua mfumo uliosawazika, utajongea upande unaopunguza usumbufu huo.

Kwamba mishale ile miwili ni kweli, wala si njia tu ya kuandika, ilithibitishwa kwa namna ninayoipenda sana. György Hevesy, mkemia kutoka Hungaria, alitumia chumvi mbili za madini ya risasi. Moja aliitia atomi nururifu za risasi, nyingine akaiacha kama ilivyo. Akaziyeyusha pamoja katika kimiminika kimoja, kisha akazitenganisha tena. Kikemia hakuna kilichobadilika: chumvi ni zilezile mbili. Lakini unururifu ulikuwa umegawanyika baina ya zote mbili. Atomi zilikuwa zikibadilishana nafasi muda wote ambao chombo kilionekana kimetulia. Hiyo ilikuwa mwaka 1920, na kazi yake ya kufuatilia atomi kwa alama za unururifu ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943.

Kwa hiyo msawazo. Neno limetoka kwenye kusawaza, na kitenzi kile bado kinasikika ndani yake: kuna kinachosawazisha, na kinaendelea kusawazisha.

Kwenye mekanika jambo ni jepesi zaidi. Archimedes, aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo, aliandika juu ya msawazo wa nyuso bapa na juu ya vitu vinavyoelea, na kazi hiyo ya pili inaeleza kwa nini ngalawa haipinduki ovyo. Upepo ukiilaza, tengo la upande wa chini linazama, maji yanalisukuma juu, na chombo kinarudi. Huo ni msawazo thabiti: ukiondolewa kidogo, kani zenyewe zinakurudisha. Ng'oa matengo uuache mtumbwi ule mwembamba na tanga lake. Siku isiyo na upepo utasimama wima vilevile, kani zote zikiwa zimelingana barabara kama mwanzo, lakini pumzi moja ya kusi inatosha kuupindua. Huo ningeuita msawazo tenge. Kulingana kwa kani peke yake hakutoshi kutuambia kama kitu kitadumu. Lazima tuulize kitafanya nini kikisukumwa.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo istilahi mbovu hulizaa, na ndilo lililonifanya niandike. Maji ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini hubaki baridi kuliko chumba, na ubaridi huo hukaa saa nyingi bila kubadilika. Je, mtungi una msawazo na chumba? Hapana. Vitu viwili vyenye msawazo wa joto huwa na halijoto moja. Mtungi unabaki baridi kwa sababu maji yanapenya kwenye vinyweleo vya udongo, yanageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto, huku joto jingine likiingia kutoka kwenye hewa kwa kasi ileile. Usipoongeza maji, yakikauka, mtungi unarudi kwenye halijoto ya chumba, na hapo ndipo msawazo wenyewe unapopatikana. Kile kilichotangulia kinahitaji jina lake, kwa sababu kinagharimiwa. Napendekeza hali dumifu: haibadiliki maadamu kuna kinachoingia na kinachotoka.

Mwili wa binadamu ni hali dumifu. Mwanafiziolojia Mmarekani Walter Cannon alitoa neno homeostasisi mwaka 1926 kwa ajili ya jinsi mwili unavyoshikilia joto lake karibu na nyuzi 37, sukari yake na chumvi zake, chumba kiwe cha Lamu au cha Lushoto. Chakula ndicho gharama. Mwili ukipata msawazo wa joto na chumba, daktari ameshaandika cheti cha kifo. Mwandishi wa afya anayesema kwamba mwili wenye siha uko kwenye msawazo na mazingira yake amesema kinyume kabisa cha alichokusudia.

Hali dumifu kubwa kuliko zote zilizo karibu nasi ni Ziwa Victoria. Lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 na kina cha wastani cha mita 40 tu. Mito yake, hata Kagera ulio mkubwa kuliko yote, huleta sehemu ndogo ya maji. Takriban asilimia 80 ya yanayoingia ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na kiasi kinachokaribiana na hicho hupanda kuwa mvuke. Kinachobaki hutoka kwa mlango mmoja, Jinja, kikawa Nile. Mlango huo ndio kisawazishi. Ziwa likipanda, maji yanayopita Jinja yanaongezeka, likishuka, yanapungua. Hakuna aliyelipangia ziwa kimo chake. Kimo ni pale ambapo mvua, mvuke na mto vinakubaliana.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilivunja makubaliano hayo. Hadi 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita mbili. Halikurudi upesi lilikotoka: kwa miaka mingi lilibaki juu, na mtiririko wa Jinja kwa wastani ukawa karibu mara mbili ya ule wa kabla. Walioishi ufukweni walihamisha nyumba. Wahandisi nao walijua wanachokishika: bwawa la Owen Falls hapo Jinja lilipokamilika mwaka 1954, Uingereza na Misri zilikuwa zimekubaliana kwamba maji yaachiwe kulingana na kimo cha ziwa, kwa uwiano uleule ambao maporomoko yalikuwa yakiufuata yenyewe kabla ya saruji. Bwawa lilitakiwa liige mwamba uliovunjwa. Baada ya kituo cha pili cha umeme, Kiira, kuanza kazi mwaka 2000, maji yaliachiwa kupita kiwango hicho. Ukame ukaongezea yake, na mwaka 2006 ziwa likashuka hadi magati mengi yakabaki hewani. Kisawazishi kilikuwa kimeingiliwa. Sioni mfano bora wa kumfundisha mtoto wa Mwanza, Kisumu au Entebbe maana ya mrejesho hasi, yaani badiliko linaloamsha kinacholipunguza.

Chini ya uso huo kuna hadithi nyingine. Sangara, ambaye Kenya anaitwa mbuta na Uganda mputa, aliletwa kutoka maziwa ya Albert na Turkana katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Kwa karibu miaka ishirini hakuonekana kubadilisha jambo kubwa. Furu, wale samaki wadogo wenye spishi mamia zisizopatikana kwingine duniani, waliendelea kutawala. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika muda mfupi, sangara wakafurika, furu wa spishi nyingi wakatoweka, na dagaa wakaongezeka mno. Ziwa halikurudi lilikokuwa, bali lilihamia kwenye mpangilio mwingine ambao nao ulijishikilia. Wanaikolojia wanajua kwamba mfumo mmoja unaweza kuwa na mahali zaidi ya pamoja pa kutulia, na kuvuka kutoka pamoja hadi pengine huenda kukawa kwa ghafla, na kurudi kukawa kugumu kuliko kwenda.

Wachumi nao wameliazima neno msawazo, na ndiko linakopotosha zaidi, kwa sababu msomaji akisikia msawazo hudhani ni jambo jema. Mwaka 1954 Mkanada H. Scott Gordon alionyesha mahali pa kuishia kwa uvuvi usio na mipaka: watu huongezeka majini maadamu kuna faida, na huacha kuongezeka pale ambapo mapato yanalipa gharama tu na samaki wamebaki wachache. Huo ni msawazo kamili, na ni umaskini. Mwanahisabati John Nash, mwaka 1950, alikuwa ametoa maelezo yanayofaa hapo: hali ambayo hakuna mhusika mmoja anayeweza kuboresha lake kwa kubadilisha uamuzi wake peke yake. Mvuvi anayeacha kokoro na nyavu za macho madogo, wenzake wakiendelea nazo, anarudi na mtumbwi mtupu. Kila mmoja anajua, na kila mmoja anabaki. Kuutoa mfumo hapo kunahitaji wote wasogee pamoja, ndiyo maana vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe vina kazi nzito kuliko watu wanavyodhani.

Jambo la mwisho ni muda, ambao vitabu vya shule huuruka. Soda inasawazika katika saa chache, mtungi uliokauka ndani ya saa moja au mbili. Ziwa je? Mita moja ya maji juu ya eneo lile ni karibu kilomita za ujazo 69. Kila mita ya nyongeza huongeza mtiririko wa Jinja kwa mita za ujazo kati ya 400 na 500 hivi kwa sekunde, yaani kilomita za ujazo 13 hadi 16 kwa mwaka. Ukigawanya unapata miaka minne hadi mitano, na hiyo ni ya kupunguza sehemu kubwa tu ya ziada, si yote. Mvua za Afrika Mashariki haziwezi kusubiri hivyo. Ziwa lililokuwa chini mno mwaka 2006 lilipokea mvua kubwa za 2019, na Mei 2020 likafikia kimo cha 1964. Kwa kipimo cha siku tunaliona limesimama. Kwa kipimo cha miaka mia, liko njiani kila wakati, likielekea kwenye kimo ambacho mvua za mwaka unaofuata zitakuwa zimeshakihamisha.