Bosco ana vitabu, Masengo ana watu

Jean Bosco Mwenda ana vitabu. Upigaji wake umeandikwa noti na wataalamu, sauti yake imehifadhiwa kwenye maktaba ya muziki Afrika Kusini, na hadi leo wako vijana wa Ulaya na Marekani wanaojifunza gitaa kwa kumfuata kidole kwa kidole. Binamu yake, Edouard Masengo, hakupata bahati hiyo. Lakini mwulize mtu mzima wa Afrika Mashariki aliyekuwa na redio karibu naye mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Atamtaja Bosco, na kabla hujauliza swali la pili atakuwa ameshamtaja na Masengo. Ukimbana akuambie wimbo upi ni wa nani, atababaika.

Kubabaika huko si kwa sababu ya uzee. Hawa wawili walisikika pamoja, walirekodi pamoja Nairobi, na waliingia nyumbani mwa watu kwa mlango mmoja. Watafiti ndio waliokuja baadaye kuwatenganisha, wakamchukua Bosco na kumwacha Masengo kwa mashabiki.

Kwa sisi tunaoishi miinuko ya Kigoma, huku Kumsenga na vijiji vingine vya Kibondo na Kasulu, habari ya Bosco inaanzia jirani kuliko watu wanavyodhani. Jina la Mwenda ni la ukoo wa Msiri, yule mtawala aliyejenga dola la Wayeke kule Katanga, kusini mwa Kongo, na kuuza shaba, pembe na watumwa. Msiri hakuwa mtu wa Katanga kwa asili. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa Kisumbwa, na Usumbwa ni nchi iliyo ng'ambo ya mapori yetu ya mashariki, njia ya kuelekea Bukombe na Kahama. Karibu na katikati ya karne ya 19 watu hao waliufuata msafara wa shaba kusini-magharibi, wakavuka, wakakaa. Msiri akajiita Mwami, cheo kile kile walichokuwa nacho watawala wa hapa kwetu Buha. Tarehe 20 Desemba 1891 alipigwa risasi na kuuawa na msafara wa Stairs, uliokuwa umetumwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji kuitwaa nchi yake. Ukoo haukufa. Bosco, aliyezaliwa mwaka 1930, alikuwa wa damu hiyo ya Bunkeya, makao ya Wayeke. Kwa hiyo gitaa lililotujia kutoka Kongo lilikuwa, kwa namna fulani, limetoka kwa majirani waliohama.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka Afrika na gari lenye mitambo ya kurekodi, alifika Jadotville, mji wa migodi ambao leo ni Likasi. Miaka miwili kabla yake alikuwa Tanganyika akirekodi ngoma na nyimbo za makabila. Tracey alikuwa mtu wa muziki wa asili. Gitaa la mjini lilikuwa linamtia mashaka, aliliona kama uchafuzi. Ndipo akamsikia Bosco akipiga mtaani. Wimbo uliomshtua ni Masanga. Mtu mmoja, gitaa moja lisilo na umeme, lakini sikio linasikia kama watu wawili au watatu: besi inatembea kivyake chini, juu sauti nyembamba inacheza na kurudi na kutoroka tena. Kazi yote hiyo ilifanywa na dole gumba na kidole cha shahada. Tracey alizichukua nyimbo hizo, zikatolewa kwenye santuri za Gallotone za Afrika Kusini, na Bosco, aliyekuwa na miaka 22, akawa jina linalosafiri.

Jina hilo lilisafirije hadi huku kwetu? Hapa lazima tuwakumbuke manamba. Serikali ya kikoloni iliifanya Buha kuwa ghala la nguvu kazi: kodi ilidaiwa kwa fedha, mazao ya kuuza hayakutiliwa mkazo, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakachukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge Tanga na kwingineko. Ofisi ya kuwakusanya, iliyojulikana kama SILABU, ilianzishwa mwaka 1944, na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ndiyo iliyowabeba. Kambi za mkonge zilikuwa na watu wa kila kabila, na jioni kulikuwa na muziki wa kila namna. Mtu aliyemaliza mkataba akarudi na nguo, baiskeli, na mwenye uwezo zaidi akarudi na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Santuri moja ilichukua kama dakika tatu kila upande. Ikiisha, inageuzwa. Ikiisha tena, inarudiwa, hadi sindano ichakae na mtoto aliyesimama mlangoni awe ameshaukariri wimbo.

Njia ya pili ilikuwa ziwa. Wabelgiji walikuwa na eneo lao la bandari Kigoma na Dar es Salaam, mizigo ya Kongo ikipita reli yetu, na mabaharia, makuli na wachuuzi wakipita pamoja nayo. Njia ya tatu ni redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 kwa majaribio, na miaka michache baadaye redio za betri zikaanza kupanda milima. Huku juu, hata hivyo, hewa ya jioni haijui mipaka. Anayezungusha kitufe hupata Bujumbura kabla ya Dar es Salaam.

Lakini kusikia si kupenda. Muziki mwingi umepita redioni na haukushika. Nadhani huu ulishika kwa sababu masikio ya watu wa hapa yalikuwa tayari yameandaliwa. Waha, kama jirani zao Warundi, wanayo ikembe, kile kisanduku chenye vibao vya chuma kinachopigwa kwa madole gumba, na wanayo inanga ya nyuzi. Mpiga ikembe mzuri anagawa mikono yake: huku anashikilia mzunguko usiobadilika, huku anachomeka maneno ya juu, na yeye mwenyewe anaimba polepole kana kwamba anazungumza na mtu aliyekaa naye. Wataalamu wengi wa muziki wanasema gitaa la Katanga lilizaliwa kutoka kwenye mantiki hiyo hiyo ya vidole. Mpiga ikembe wa Kibondo aliposikia Masanga alisikia kazi anayoifahamu, imehamishiwa kwenye chombo kingine.

Na Kiswahili chao kilisaidia. Bosco na Masengo waliimba Kiswahili cha Katanga, cha migodini na mitaani, kisichojali adabu za mashairi ya pwani. Mtu wa Mombasa au Unguja angeweza kukicheka. Mtu wa Buha, ambaye Kiswahili kwake pia kilikuwa lugha ya kujifunza kazini na shuleni, hakuona cha kucheka. Aliona watu wanaosema kama anavyosema yeye akiwa safarini.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Nairobi ikawaita. Mji huo ulikuwa na studio, wafanyabiashara wa santuri na, zaidi ya yote, fedha za matangazo. Peter Colmore, mtayarishaji aliyekuwa akirekodi wanamuziki na kuwatumia kunadi bidhaa, aliwachukua wote wawili. Masengo alikuwa tayari msanii wa jukwaani: kule Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi, alikuwa kwenye kundi la JECOKE, vijana wa kuchekesha na kuimba wa mtaa uitwao Kenya. (Naam, mtu wa Kenya ya Lubumbashi akaja kupata jina Kenya ya Nairobi.) Nyimbo na sauti zao zikanadi Aspro na Coca-Cola. Wapo wanaoona aibu kulitaja hili, kana kwamba sanaa imechafuka. Mimi sioni. Tangazo la dawa ya kichwa lilipigwa mara nyingi kuliko wimbo wowote, na likafikisha gitaa lao kwenye maduka ya vijijini ambako hakuna aliyekuwa na fedha ya kununua santuri. Wapo mashabiki ambao kumbukumbu yao ya kwanza ya muziki huu ni kidonge.

Bosco alikaa Nairobi kwa vipindi tu, akiwa na programu yake redioni, kisha akarudi kwao. Masengo ndiye aliyezamia. Aliishi, akafanya kazi, akazunguka. Vijana waliotaka kujifunza walimwona kwa macho, wakatazama mkono wake wa kulia. Kizazi cha wapiga gitaa wa Kenya cha miaka ya 1960, hasa magharibi ya nchi, kina deni kwa Wakatanga hawa: kupiga nyuzi kwa vidole viwili badala ya kukwaruza, na kumweka pembeni mtu wa kugonga chupa ya soda ashike mapigo. Watu wa vitabu wanapoandika "athari ya Bosco" Nairobi, nusu ya athari hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa imekaa kwenye kiti cha Masengo.

Vitabu vyenyewe viliendelea kumfuata Bosco. David Rycroft alichapisha uchambuzi mrefu wa gitaa lake katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962, akihangaika kuandika kwenye karatasi kitu ambacho Bosco hakukipiga sawasawa mara mbili. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, mbele ya hadhira ya muziki wa kiasili iliyokuwa imeshamjua kwa santuri. Ni mbali kutoka mtaa wa Jadotville.

Nyumbani upepo ulikuwa umeshageuka. Gitaa la umeme, tarumbeta na rumba ya Léopoldville viliujaza ukumbi, Franco na OK Jazz yake wakitangulia, na gitaa la mtu mmoja likaonekana kitu cha zamani, cha kupigia kivulini. Jambo la kushangaza ni kwamba sisi tuliachana na Wakongo walioimba lugha tunayoielewa, tukakumbatia wale walioimba Kilingala, ambacho wengi wetu tulikiitikia bila kujua tunaitikia nini. Huku Tanzania bendi za jazz za Tabora, Morogoro na Dar es Salaam zikachukua nafasi redioni, na ilikuwa haki yao.

Kisha siasa ikagusa hata majina. Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kizungu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Jean Bosco akawa Mwenda wa Bayeke, na Edouard akawa Masengo Katiti. Mashabiki wa Afrika Mashariki hawakuifuata amri hiyo. Kwao Bosco alibaki Bosco. Mwaka 1979 mpiga gitaa Mwingereza, John Low, ambaye alikuwa ameshajifunza kwa wapiga gitaa wa Kenya, alisafiri hadi Katanga kuwatafuta mabingwa wa zamani, akaandika shajara ya safari hiyo. Aliwakuta wapo, wazima, wanapiga. Mwaka 1988 Bosco alirekodi albamu Cape Town, vidole vikiwa bado vyepesi. Mwaka 1990 alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia.

Huku kwetu vita vya Kongo viliurudisha muziki huo kwa namna ambayo hakuna aliyeiomba. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliokimbia kutoka Kivu Kusini. Pamoja na magodoro na sufuria walikuja na nyimbo, na miongoni mwao wapo watu wazima wanaowataja Bosco na Masengo kama watu wa kwao, kwa fahari ile ile ambayo Mtanzania humtajia Mbaraka Mwinshehe. Mazungumzo sokoni kati ya mzee wa Kiha na mzee wa Kikongo yanaweza kuanza na bei ya mihogo na kuishia Katanga.

Niliwahi kuwawekea wazee wa Kumsenga wimbo wa Masanga kwenye simu, tumekaa barazani. Kabla sauti ya kuimba haijaingia, mmoja alikuwa ameshaanza kuchezesha dole gumba na kidole cha shahada hewani, mkono wa kulia, kwa mpigo sahihi. Hajawahi kumiliki gitaa la dukani. Alijifunzia la kutengeneza mwenyewe, debe na ubao, nyuzi zikiwa waya za breki za baiskeli. Hakuweza kukumbuka mistari, na alikuwa na hakika kwamba wimbo ni wa Masengo. Mwenzake akasema ni wa Bosco, na kwamba Masengo ni yule aliyekuwa akiimba matangazo.

Kwa Masanga, aliyepatia ni huyu wa pili. Rekodi ipo na jina lipo. Lakini nilipowawekea rekodi za Nairobi zenye magitaa mawili, ubishi ulikuwa mkali zaidi, na hapo hata mimi sikuwa mwamuzi. Gitaa moja linaongoza, lingine linajibu, na lile la kujibu ndilo linalokufanya utingishe kichwa. Mzee wa kwanza anashikilia kwamba hilo ni la Masengo. Naegemea upande wake.