Gitaa katika Taarabu ya Tanga: Urithi wa Kusikia na Elimu ya Majina

Mtu akitaja Tanga, wengi hukumbuka mkonge. Ni haki, kwani tangu zao hilo lilipoletwa mwaka 1893 na kupandwa karibu na Pangani, maisha ya pwani ya kaskazini yaliegemea juu yake kwa miaka mingi. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono hiyo ikatoka mbali: Wanyamwezi, Wamakonde, Wabena, Waha na wengineo walikutana makambini na Wadigo, Wabondei na Wasegeju wa pwani. Kila kundi lilikuja na ngoma zake. Katika mchanganyiko huo ndipo gitaa lilipopata makao.

Chombo hicho kilipitia njia nyingi. Kuanzia mwaka 1933 santuri za muziki wa Kuba ziliuzwa Afrika katika mfululizo uliojulikana kwa herufi GV, na vijana wa bandarini wakazisikiliza mpaka zikawakaa masikioni. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, askari waliorejea walikuja na mapenzi ya muziki wa dansi. Kutoka Kongo zilivuma sifa za Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa mwaka 1952, ambaye kwa kidole gumba na cha shahada tu aliweza kulifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Mjini Tanga zikachipuka bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, ambayo awali iliitwa Young Nyamwezi. Jina hilo la kwanza latuonyesha jinsi wageni wa mashambani walivyokuwa wenyeji wa muziki wa mji.

Wakati huohuo pwani ilikuwa na muziki wake wa heshima, yaani taarabu. Unguja, ambako Siti binti Saad alipata umaarufu hata akaenda Bombay kurekodi mwaka 1928, taarabu iliongozwa na udi, ganuni na fidla. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ilizuka Tanga Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star Musical Club, ambamo ilivuma sauti ya Shakila Saidi, mwenyeji wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Vikundi hivi vilikuwa na wapigaji wachache kuliko vile vya Unguja. Vilitumia magitaa ya umeme, besi, na midundo iliyo karibu na ngoma za pwani. Mtindo huo ulipendwa hata Mombasa, na mwaka 1989 nyimbo za vikundi hivyo viwili zilitolewa Uingereza katika santuri iliyoitwa Nyota.

Hapa yafaa tuulize: kubadilisha chombo kulibadilisha nini katika muziki wenyewe? Jibu limo katika shingo ya gitaa. Shingo ya udi ni laini. Kidole hutua popote sikio linapotaka. Shingo ya gitaa imekatwa kwa vipau vyembamba vya chuma, na kila kipau huongeza nusu ya hatua ya sauti. Kipau cha 12 huugawa uzi katikati, na hapo husikika sauti ileile ya uzi mtupu, ila ya juu zaidi. Kwa hiyo kati ya sauti hizo mbili pana nafasi 12 tu. Lakini baadhi ya makamu za Kiarabu, kama Rasti na Bayati, zina sauti zinazoangukia kati ya nafasi hizo. Mpiga gitaa hawezi kuzipata sawasawa, labda aupinde uzi. Makamu kama Nahawandi na Hijazi humkubali kwa wepesi zaidi. Basi aliyelileta gitaa katika taarabu alipata mlio mpya na nguvu ya umeme, lakini kuna sauti alizoziacha nyuma.

Wako wanaosema kwamba hasara hiyo ni dalili ya kuuacha utamaduni. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mwalimu Nyerere, alipotangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana tarehe 10 Desemba 1962, alihoji ni wasomi wangapi, katika wale wanaoweza kupiga gitaa na piano, walioweza pia kupiga ngoma zetu. Swali hilo lilikuwa la haki. Hata hivyo, Tanga ilikuwa na jibu lake: gitaa halikuifukuza ngoma, bali liliketi nayo jukwaa moja. Tena tusisahau kwamba udi wenyewe ulivuka bahari, na fidla vilevile. Chombo huwa chetu kwa kazi tunayokipa.

Tatizo kubwa liko kwingine, nalo ni mafunzo. Wapigaji wengi wa zamani walijifunza kwa sikio na jicho: kijana aliketi kando ya fundi, akatazama vidole, akaiga. Njia hiyo iliwapa masikio makali, lakini mengi waliyoyajua hayakuwa na majina. Waliosoma shule za misheni walijua do, re, mi. Lakini katika mtindo uliofundishwa huko do huhama kulingana na wimbo, na shingo ya gitaa haihami. Asiye na majina ya kudumu huweza kupiga vizuri, lakini hupata taabu kumweleza mwenzake aliye mbali, au kuandika alichokibuni. Fundi akifa, santuri hubaki. Jinsi ya kuipiga huzikwa naye.

Kujifunza majina hayo si jambo gumu. Nyuzi sita, kutoka nene hadi nyembamba, huitwa E, A, D, G, B na E. Mwanafunzi na akumbuke kwamba kati ya E na F, na kati ya B na C, pana kipau kimoja tu. Kwingine kote pana viwili. Kisha abonyeze kipau cha tano cha uzi wa E nene: atasikia A, sauti ileile ya uzi unaofuata. Hali ni hiyo kwa kila uzi na jirani yake, isipokuwa kutoka G kwenda B, ambako ni kipau cha nne. Ajifunze uzi mmoja kwa juma, akiitaja kila sauti kwa kinywa anapoibonyeza, na baada ya majuma machache shingo yote itakuwa kama mtaa anaoufahamu nyumba kwa nyumba.

Lakini mwalimu asiishie hapo. Awasikilizishe wanafunzi nyimbo za Black Star na Lucky Star, wazitafute katika nyuzi, waandike walichokipata. Awasikilizishe udi pia, ili wajue sauti ambazo gitaa halina. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Sikio ndilo mila ya wapigaji wa Tanga. Majina ni wino wa kuiandikia. Kijana akiwa na vyote viwili, ataweza kuyapokea ya wazee na kuwaachia watakaomfuata.